Pa kufikia pwani karibu na Barcelona: cheki haya kabla hujalipa

Kabla hujaanza kukodolea macho mapicha ya balkoni na bahari nyuma yake, amua kwanza kule unaenda kufanya nini hasa. Unaenda kuzurura mjini, kanisa la Sagrada Família, mtaa wa Gràcia, usiku mnakaa vibarazani hadi saa sita, halafu bahari unaipitia tu jioni? Au unaenda kulala mchangani wiki nzima na mjini ushuke mara mbili basi? Maana watu wengi wanataka bahari mlangoni, mji mlangoni, na bei chee juu yake, na kwa Barcelona hivyo vitu vitatu havikai nyumba moja.

Ukishajua hilo, achana na kilomita. Cheki treni. Pwani yote ya pale inaendeshwa na treni za Rodalies, yaani treni za mji na vitongoji vyake, na nyumba iliyo kilomita 35 lakini dakika tano kwa mguu toka stesheni ni nzuri kuliko iliyo kilomita 12 ambayo lazima upande basi halafu ubadilishe. Laini za kukumbuka ni mbili tu. Kaskazini ni R1, inapita stesheni ya Plaça de Catalunya katikati ya mji, inatoka pembezoni mwa bahari kuelekea Badalona, Montgat, El Masnou, Mataró, Calella hadi Blanes. Kusini ni R2 Sud, unaipandia stesheni ya Passeig de Gràcia au Sants, inaenda Castelldefels, Sitges, Vilanova. Fungua ramani, tafuta stesheni, pima kwa mguu hadi nyumba, na usimwamini mwenye nyumba akikwambia "karibu na stesheni" maana karibu ya mtu mwenye gari si karibu yako wewe na masanduku na mtoto mgongoni. Na cheki treni ya mwisho ya usiku inaondoka saa ngapi, kwa siku ile ile utakayokuwepo, sababu wenzetu chakula cha usiku wanaanza saa tatu, saa nne, ukija kushtuka treni imeshaondoka na teksi mpaka Sitges hiyo hela ungelala hoteli ya mjini.

Hapo hapo kuna mtego wa jina. Hoteli nyingi za pwani ya kaskazini zinajitangaza kwa jina la Barcelona hata kama ziko Calella au Santa Susanna, zaidi ya saa nzima kwa treni. Lloret de Mar ndo inawapiga watu chenga zaidi, bei yake inavutia sana, ila treni haifiki, ni basi tu, na iko kama kilomita 70 hivi. Tossa vile vile haina treni. Na Cadaqués ile nyeupe nzuri ya kwenye picha ni kule karibu na mpaka wa Ufaransa, huko ni safari nyingine kabisa. Kuna njia ya haraka ya kujua: kila apatimenti ya watalii Catalonia, yaani jimbo lenye Barcelona, inatakiwa kuwa na namba ya leseni na inaandikwa kwenye tangazo, ikianza na HUTB iko mkoa wa Barcelona, ikianza na HUTG iko mkoa wa Girona. Ukiona hiyo G jua si jirani na mji hata wakisema nini.

Na hiyo namba yenyewe usiipuuze. Tangazo lisilo na namba lipite tu. Serikali imekaza kweli kweli, Julai 2025 Hispania ilianza kudai namba ya usajili ya taifa kwa nyumba za kukodisha muda mfupi onlaini, na meya wa Barcelona Jaume Collboni alitangaza Juni 2024 kwamba leseni zote za apatimenti za watalii mjini, elfu kumi na kitu, hazitaongezwa muda zikiisha Novemba 2028. Wapangaji wa pale wamechoka na kodi kupanda na wageni wanaopiga kelele ngazini usiku, kwa hiyo majirani wanaripoti. Nyumba bila leseni inaweza kufungwa na wewe umeshalipa. Mwenye nyumba halali naye atakuomba taarifa za paspoti za kila mtu, usishtuke ukadhani ni tapeli, sheria inamtaka aandikishe wageni. Tapeli ni yule anayekwambia tulipane nje ya programu nikupunguzie.

Sasa sehemu zenyewe, nitakwambia ninavyoziona mimi.

Barceloneta, mtaa wa ufukweni pale pale mjini, kila mtu anaitaja, na kweli unatoka mlangoni uko mchangani. Ila zile ni nyumba za zamani za wavuvi na wafanyakazi wa bandari, zilikatwa katwa vipande, apatimenti nyingi ni kama mita za mraba 30, ngazi nyembamba, lifti hakuna, mtaa mwembamba kiasi unasikia jirani wa mbele anavyokoroga kahawa. Na wezi wa mifukoni wanafanya kazi pale mchana kweupe. Kwa watu wawili vijana wasiolala mapema sawa. Kwa familia mimi nasema hapana.

Wenye watoto nendeni Castelldefels. Ufukwe mrefu kama kilomita 5, mchanga laini, kina cha maji kinaongezeka taratibu si ghafla, na mjini ni kama nusu saa. Halafu iko ndani ya eneo la jiji kwa hesabu ya nauli kwa hiyo ile tiketi ya safari kumi, T-casual ya zoni moja, inakufikisha. Angalia tu stesheni ziko mbili, Castelldefels na Platja de Castelldefels, inayokufaa ni hiyo ya pili, ya kwanza inakushusha mjini kwao ndani na unaanza kutembea na jua. Uwanja wa ndege uko jirani, ukisogea upande wa Gavà Mar ndege utazisikia, muulize mwenye nyumba kabisa.

Sitges ni nzuri mno sina maneno, kanisa juu ya mwamba, vichochoro vyeupe, bichi ndogo ndogo zimepangana, treni kama dakika 40. Lakini bei yake mnh. Na ina kalenda yake, kanivali Februari, Pride Juni, tamasha la filamu Oktoba, wakati huo vyumba hakuna na ukikipata utalia. Ni mji uliozoea wageni wa kila aina, wapenzi wa jinsia moja wakiwemo, miaka mingi.

Mfuko ukiwa mwembamba na unataka mji kila siku, Badalona au Montgat. Badalona ina treni na metro pia, laini ya L2 inaishia kule, ina lile gati refu la Pont del Petroli linaloingia baharini, na ina Wapakistani wengi kwa hiyo bucha za halali, mchele wa maana, pilipili na bizari hukosi. Kwa Muislamu anayetaka kujipikia hiyo ni raha, mbadala ni mtaa wa Raval mjini. Si pazuri kama Sitges, ni mji wa watu wanaoishi na kufanya kazi, ila ndo maana bei iko chini.

Kitu cha upande wa kaskazini ambacho picha hazionyeshi ni reli. Barcelona hadi Mataró ndo reli ya kwanza kujengwa Hispania bara, 1848, na waliipitisha ukingoni kabisa mwa bahari, kwa hiyo miji mingi ya huko reli imekaa katikati ya nyumba na mchanga. Unavuka kwa njia ya chini. Nyumba ya "mstari wa kwanza wa bahari" maana yake pia ni mstari wa kwanza wa treni, inaanza alfajiri na dirisha ukifungua kiangazi hulali, ukifunga bila AC hulali vile vile. Na bahari ikichafuka sana reli inaumia, Januari 2020 dhoruba Gloria ilibomoa daraja la treni kwenye mto Tordera jirani na Blanes. Mchanga wa kule pia ni chembe kubwa na maji yanazama haraka, hatua chache yako kifuani, mwenye mtoto mdogo asikae mbali.

Kwa sisi wa pwani ya Bahari ya Hindi kuna vitu inabidi tuvisahau kidogo. Kupwa na kujaa kwa maji kule karibu hakuna, huna haja ya kuuliza bamvua wala kuangalia kama maji yatarudi saa ngapi, bichi unayoiona asubuhi ndo hiyo hiyo jioni. Lakini baridi! Mei jua linawaka, watu wamevaa kaptula, unaingia majini ni nyuzi 17, 18, unatoka mbio. Agosti ndo inafika 25 hivi, yaani kama Dar mwezi wa saba. Kwa hiyo ukienda Aprili au Mei usilipie hela ya ziada kwa ajili ya bahari ya mlangoni, utaishia kuitazama tu, kaa mjini. Mimi ningeenda Septemba, maji bado ya moto, watu wamepungua. Na familia zenye heshima zao zijue kuwa wanawake kukaa kifua wazi ufukweni kule ni kawaida, na kuna bichi za uchi kabisa, Mar Bella mjini ina kipande chake, Sitges kuna Balmins. Kama mmesafiri na mama mkwe, chungulieni ramani kwanza.

Tarehe nayo. Usiku wa Juni 23, Sant Joan, ni mioto na fataki bichi nzima hadi kunakucha, ukitaka kulala usiwe karibu na mchanga, ukitaka kusherehekea buku mapema. Jumapili masupamaketi mengi yanafungwa, kwa hiyo ukifika Jumamosi usiku apatimenti isiyo na hata maji ya kunywa ni shida, nunua ya kuanzia njiani.

Tangazo lenyewe lisome hadi chini. AC iandikwe, Julai na Agosti joto lina unyevu. Lifti iandikwe, na ghorofa uihesabu kwa picha, maana majengo ya zamani ya Barcelona yana ya chini, halafu entresol, halafu principal, ndo uanze kuhesabu ya kwanza, hiyo "ya 3" unapanda kama ya tano. Chumba cha dirisha la ndani kinaangalia shimo la hewa la jengo, kimya lakini giza. Kodi ya utalii mara nyingi haimo kwenye bei ya onlaini, inalipwa ukifika, kwa kichwa kwa usiku, inaishia siku saba, wa miaka 16 kushuka hawalipi, na jijini Barcelona kodi hiyo ni kubwa kuliko miji ya pembeni. Adapta ya plagi beba, zao ni mbili za duara.

Unayeomba viza ya Schengen, ile ya kuingia Hispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya, chukua bukingi ya kukansel bure, ubalozi unataka kuona pa kulala lakini viza ikikataliwa hutaki hela iwe imekwama. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye paspoti, ya wote, siyo "mgeni mmoja pamoja na familia". Tarehe zifuatane bila usiku usio na pa kulala. Bima ya safari isipungue yuro 30,000, maombi yaingie angalau siku 15 kabla, miezi sita kabla ndo mapema kabisa.

Ndege ikitua usiku, muulize mwenye nyumba funguo utaipataje, kuna wanaotoza ziada baada ya saa mbili au tatu usiku na kuna wanaoacha kwenye kisanduku cha namba. Toka uwanjani kwenda Castelldefels au Sitges huna haja ya kuingia mjini, panda treni ya T2, yaani jengo la pili la abiria, ushuke El Prat de Llobregat, ubadilishe R2 Sud hapo hapo. Ukishukia T1 kuna basi la bure la kukupeleka T2, ongeza nusu saa kwenye hesabu zako.