Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua biashara ndogo ya programu nchini Uganda

Mtu anayekusudia kuishi kwa kuuza programu aliyoiandika mwenyewe, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, huelekea kujiandaa zaidi pale ambapo tayari ana nguvu: atachagua lugha ya kuandikia msimbo, atakodi seva, atatengeneza nembo na kadi za jina. Kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayoweza kusubiri. Yanayopaswa kutangulia, hasa kwa anayelenga wateja wa kawaida wa Uganda kama vile shule binafsi, SACCO, zahanati na maduka ya jumla kama yale ya Kikuubo jijini Kampala, ni kujua nani atalipa, atalipa lini na kwa njia gani, msimbo utakuwa mali ya nani, na nani atapokea simu mfumo ukigoma saa ya kazi. Mfano wangu mkubwa utakuwa shule binafsi, kwa kuwa wanunuzi hao wapo karibu kila mji, kuanzia Mbale hadi Kasese.

Katika shule ya namna hiyo, anayeutumia mfumo kila siku ni mhasibu, anayeamua kuununua ni mkurugenzi ambaye huenda haishi hata karibu na shule, na anayeibeba gharama mwishowe ni mzazi. Watatu hao hawatafuti kitu kimoja. Mhasibu anataka kazi ipungue bila kuonekana kwamba yeye mwenyewe hahitajiki tena, mkurugenzi anataka kujua kila jioni ni kiasi gani kimeingia, naye mzazi anataka mtoto wake asirudishwe nyumbani kwa karo ambayo imekwisha kulipwa. Kabla ya kuandika chochote, omba kukaa na mhasibu siku ya kupokea karo, uone daftari lake kubwa na jinsi anavyolinganisha hati za benki na orodha ya wanafunzi, kisha umwulize mkurugenzi angekuwa tayari kutoa kiasi gani ili kazi hiyo iishe kwa saa moja. Akikujibu kwa sifa tu, kwamba wazo ni zuri na kwamba vijana wa siku hizi mnajitahidi, hujapata mteja. Akikubali kutoa malipo ya awali, hata yakiwa madogo, umempata.

Bei nayo ifanyiwe hesabu kwenye karatasi. Tuseme shule ina wanafunzi 400 na mmekubaliana shilingi 1,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula: hizo ni shilingi 400,000 kwa muhula, au 1,200,000 kwa mwaka wa mihula mitatu. Kama umeahidi pia kumtumia kila mzazi ujumbe mfupi mara kumi kwa muhula, na kila ujumbe ukakugharimu, tuseme, shilingi 35, basi jumbe 4,000 zitameza shilingi 140,000, yaani zaidi ya theluthi ya mapato, kabla hujalipia seva wala nauli. Ndiyo maana ni busara kuuza ujumbe mfupi kando, kwa salio ambalo shule inalinunua kwanza. Seva, jina la kikoa na huduma nyingi za nje hutozwa kwa dola ilhali mteja hulipa shilingi, kwa hiyo acha nafasi katika bei yako kwa ajili ya siku ambayo shilingi itashuka. Umbali pia ni gharama. Shule ikiwa Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, safari mbili za kwenda kufundisha watumiaji zinaweza kumaliza kilichobaki cha muhula mzima. Ama upandishe bei, ama umpate mtu wa huko huko atakayelipwa kwa kazi hiyo, ama ukatae. Wengi huona aibu kukataa, na aibu hiyo huwagharimu mwaka mzima.

Njia ya kulipwa inapaswa kujaribiwa kwa fedha halisi, hata kama ni shilingi 1,000, kabla ya kumtangazia mtu yeyote. Kwa wateja wengi njia hiyo ni MTN MoMo au Airtel Money, ambazo zote mbili zina laini za wafanyabiashara pamoja na viunganishi vinavyoiwezesha programu kuomba malipo na kuhakikisha kwamba yamefika. Kibali cha kutumia viunganishi hivyo hudai hati za usajili wa biashara, na kwa hiyo ombi lake lisiachwe hadi wiki ya mwisho. Kutoa fedha taslimu kutoka kwenye akaunti ya simu kunatozwa ushuru wa asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, juu ya ada ya kampuni yenyewe, kwa hiyo amua mapema ni malipo yapi utayafanya moja kwa moja kutoka kwenye simu bila kupitia kwa wakala. Mpaka mmoja usiuvuke: mfumo wako usishike fedha za watu wengine. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020 imeiweka kazi hiyo chini ya leseni za Benki Kuu ya Uganda, na programu inayosoma taarifa za malipo ya karo iko mbali sana na programu inayoipokea karo kwenye akaunti yako wewe na kuikabidhi shule siku ya Ijumaa. Karo iende shuleni moja kwa moja, nawe ulipwe ada yako kando, mwanzoni mwa muhula, wakati shule ina fedha mkononi. Amua pia, na uandike, nini kitatokea mteja akichelewa kulipa. Mimi ningependelea mfumo uendelee kuonyesha kumbukumbu zote lakini ukatae kuingiza mpya, kwa sababu kumfungia mtu kumbukumbu zake mwenyewe huzaa ugomvi ambao hauishii kwenye ada.

Jambo linalohitaji mkataba kuliko mengine yote ni umiliki wa msimbo. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta, lakini inasema pia kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au iliyofanywa kwa kuagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake ni ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa pale ambapo kuna mkataba unaosema vinginevyo. Maana yake kwa mwandishi wa programu ni nzito. Ukiagizwa na SACCO moja ya Masaka uitengenezee mfumo wa mikopo, ukalipwa kwa kupeana mkono tu, kisha ukauza mfumo ule ule kwa SACCO ya Mbarara, ile ya kwanza inaweza kudai kwamba unauza mali yake, na sheria haitaanza kwa kukutetea wewe. Kwa hiyo mkataba wa kwanza kabisa, hata uwe wa kurasa mbili, useme wazi kwamba mteja anapewa leseni ya kutumia, kwamba msimbo wa msingi unabaki wako, kwamba kumbukumbu zote zinazoingizwa ni za mteja na atapewa nakala yake atakapoitaka, na kwamba vipengele vilivyoongezwa kwa ombi lake viko upande upi. Vivyo hivyo, mtu ambaye bado ameajiriwa mchana na kuandika programu yake usiku asome kwanza barua yake ya ajira, asitumie kompyuta ya mwajiri wala akaunti zake. Rafiki anayekusaidia kwa sababu ya urafiki naye aandikiwe, mgawo wake ujulikane kwa asilimia na ijulikane nini kitafanyika akiondoka, maana mgawanyo ambao haukuandikwa wakati hakuna kitu cha kugawana huwa mgumu sana kuuandika fedha zikishaanza kuingia. Vipande vya programu huria ulivyovitumia vina leseni zao pia, na baadhi ya leseni hizo zinadai kwamba ukigawa programu iliyojengwa juu yake ugawe na msimbo wake.

Upande wa usajili hauhitaji maneno mengi. Jina la biashara na kampuni vyote husajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Jina la biashara ni rahisi zaidi, ila halikutenganishi na madeni ya biashara kama kampuni ya dhima yenye kikomo inavyofanya. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa na URA, mamlaka ya mapato. Wateja wakubwa walioteuliwa na URA hukata kodi ya zuio ya asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi 1,000,000, na ni juu yako kudai hati yake ili kiasi hicho kihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Wateja waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watakudai ankara ya EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Anayetarajia kuuzia serikali ajue kwamba NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, huthibitisha watoa huduma za teknolojia ya habari, na kwamba malipo ya umma yanaweza kuchelewa kiasi cha kuiua biashara ya watu wawili. Sishauri mteja wako wa kwanza awe wizara.

Kumbukumbu za watu zinataka uangalifu wa aina yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, wanaokusanya au kuchakata taarifa binafsi wanapaswa kujisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, na taarifa za watoto hudai idhini ya mzazi au mlezi. Mfumo wa shule umejaa majina ya watoto, namba za simu za wazazi na madeni yao, kwa hiyo usajili huo ufanywe mapema, kila mtumiaji awe na neno lake la siri, na nakala rudufu iwekwe mahali tofauti na seva. Nakala hiyo ijaribiwe kwa kurejeshwa kikamilifu, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ipo.

Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kwisha, lakini mhasibu wa Kyenjojo hatakuuliza nani anasambaza. Atakuuliza risiti zake ziko wapi. Programu itengenezwe ikijua kwamba umeme utakatika na bando litaisha: ihifadhi kazi kwenye kifaa chenyewe na kuituma mtandao ukirudi. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na mfumo usioweza kufunguka bila mtandao haukuwa na thamani yoyote siku hizo. Pamoja na hayo, weka namba moja ya simu ya huduma na saa zake, uitangaze, na uhakikishe kuna mtu wa pili anayeweza kuipokea ukiugua. Mteja huvumilia hitilafu akijua nani anaishughulikia.

Sasa kuhusu kujitangaza. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, na wanaoifikia hupitia njia za kukwepa kizuizi, kwa hiyo kuweka fedha zako zote za matangazo huko ni kuwatafuta watu walio wachache kuliko inavyodhaniwa. WhatsApp ndiko biashara inakozungumzwa: vikundi vya walimu wakuu, vya wahasibu, vya viongozi wa SACCO. Usiingie humo ukirusha tangazo. Andaa video ya dakika mbili inayoonyesha kazi moja ikifanyika, kwa mfano mzazi analipa na risiti inatokea, na uandae maelezo ya sauti kwa lugha za wateja wako: Luganda katikati ya nchi, Runyankole magharibi, Kiswahili kwa wafanyabiashara wa mipakani kama Mpondwe na Busia, ambako mnunuzi anaweza kuwa Mkongo au Mkenya na Kiswahili ndicho mnachoelewana. Vipeperushi vya Nasser Road, mtaa wa wachapishaji jijini Kampala, bado vina kazi pale mkurugenzi anapotaka kitu cha kuweka mezani, mradi vina bei. Nashikilia kwamba bei iandikwe wazi, kwa kuwa mteja asiyeiona huidhania kuwa kubwa na hapigi simu.

Hata hivyo shule hununua kwa kusikia kutoka kwa shule. Wateja wako watatu wa kwanza wachaguliwe kwa kufikiria nani huwasikiliza, na uwaombe ruhusa ya maandishi ya kuwataja na ya kuwaleta wageni kuona mfumo ukifanya kazi. Wape nusu bei kwa muhula mmoja ukipenda, ila usiwape bure, kwa sababu wa bure hakulalamiki mapema wala hatumii kwa bidii, na muhula ukiisha utakuwa hujajua kama kitu chako kinafaa. Anayekuletea mteja alipwe kamisheni iliyoandikwa, na ilipwe baada ya mteja kulipa.

Kama bidhaa yako ni programu ya simu, ombi la akaunti ya Google Play lifanywe mapema kuliko unavyodhani. Ada ya kujisajili ni dola 25 kwa mara moja, lakini akaunti mpya za mtu binafsi hudaiwa kwanza zifanye majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, na akaunti za kampuni hudaiwa namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni.

Lililobaki ni kalenda. Mwaka wa shule kwa kawaida huanza mwezi wa Februari na kumalizika mwanzoni mwa Desemba, na mkurugenzi hubadilisha mfumo wa hesabu kati ya mwaka mmoja na mwingine tu. Ukimfuata mwezi wa Machi atakusikiliza kwa adabu na kukuambia urudi. Desemba na Januari ni za kuingiza majina ya wanafunzi na kumfundisha mhasibu, kwa hiyo mikataba inatakiwa iwe imetiwa saini kabla ya hapo. Ukimaliza majaribio mwezi wa Agosti, utakuwa na Septemba na siku za mwanzo za Oktoba za kuzungumza na wakurugenzi, kabla mitihani ya taifa ya UCE, PLE na UACE haijawachukua wao na wahasibu wao.