Usiizime tabo ikiwa bado ya moto

Wenye Subaru za tabo, Forester na Impreza hasa: mkimaliza kupanda mlima Kitonga kule Iringa, msifike Ilula mkazima gari papo hapo. Tabo (turbo), yaani feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, na shafti yake huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukizima ghafla, pampu ya oili inasimama, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi, njia zinaziba na beringi zinakufa. Kwa hiyo kilomita chache za mwisho nenda taratibu, au iache iungurume dakika moja mbili bila kukanyaga mafuta. Asubuhi nayo, usiikimbize kabla haijapata joto.

Oili mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, sisogezi.

Na fundi akitaka kuongeza presha ya tabo bila kurekebisha mafuta na muda wa plagi kuwaka, kataa kabisa. Hewa ikizidi petroli, mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda, pistoni zikapasuka. Inauma sana kuona injini nzima ikiuawa hivyo.