Jino likidondoka uwanjani: la kufanya kabla ya mechi na katika dakika za mwanzo

Mwongozo huu ni wa kocha, mzazi au mchezaji mwenza, maana daktari wa meno huwa hayupo pembeni mwa uwanja. Kwenye mfuko wa huduma ya kwanza ongeza glavu, shashi, maji ya chumvi ya hospitali (seline), kikopo kidogo chenye kifuniko na pakiti ya maziwa yasiyohitaji friji.

Hatua ya 1: Kinga ya meno

Kinga ya meno ni plastiki inayovaliwa juu ya meno kuyalinda na pigo. Zile zinazouzwa tayari kuvaliwa ziache dukani. Hazikai mpaka uzibane kwa meno, kupumua ni shida, na mwisho wake huishia soksini. Bora kabisa ni inayotengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha kinywa. Ukitumia ya kulainisha kwa maji ya moto, fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha uma taratibu. Wengi huuma kwa nguvu ikiwa bado laini, plastiki inabanwa mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi, na hapo umevaa pambo tu. Kandamiza midomo na mashavu kwa vidole huku ukifyonza hewa. Mbele ya meno ya juu unene ubaki kama mm 3, na ukiachama isidondoke. Ioshe kwa maji baridi. Ya moto huipinda.

Hatua ya 2: Mtazame mtu kwanza

Amepoteza fahamu, anatapika au amechanganyikiwa? Hospitali mara moja. Meno ya juu na ya chini hayakutani kama kawaida? Taya huenda limevunjika. Kisha hesabu meno. Kipande kisichoonekana kinaweza kuwa kimejificha ndani ya mdomo uliopasuka, kimemezwa, au kimevutwa mapafuni. Akikohoa bila kuacha au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura.

Hatua ya 3: Jino zima limetoka

Hapa ndipo meno mengi hupotea, na mara nyingi si kwa sababu ya pigo lenyewe. Juu ya mzizi kuna utando wa chembe hai zinazoshika jino kwenye mfupa. Chembe hizo zikikauka hufa: jino likirudishwa ndani ya dakika 15 hivi lina nafasi nzuri, likikaa kavu kwa saa nzima chembe huhesabiwa zimekwisha.

Kabla ya yote, hakikisha ni jino la kudumu. Jino la utoto halirudishwi kamwe, kwa sababu linaweza kuumiza la kudumu linalokua chini yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, jino la mbele kwa kawaida ni la utoto.

Lishike sehemu nyeupe tu, usiguse mzizi. Kama lina uchafu, lisuuze kwa maziwa au seline. Ukikosa, maji baridi safi yasiyozidi sekunde 10. Usilisugue, usilipanguse, usitie dawa ya kuua vijidudu. Kusugua "ili liwe safi" ndilo kosa kubwa, kwa sababu hung'oa zile chembe unazotaka kuziokoa.

Lirudishe kwenye tundu lake, upande uliobonyea ukitazama ulimi, ukilinganisha na jino jirani. Sukuma polepole. Likigoma, usilazimishe: huenda limegeuka au mfupa umevunjika. Likiingia, aume shashi au kitambaa safi kulishikilia.

Usilirudishe mwenyewe kama hana fahamu timamu, au ana kinga dhaifu ya mwili au ugonjwa mkubwa wa moyo. Hapo, au ukishindwa, litie kwenye maziwa. Maziwa yakikosekana, seline au mate yake mwenyewe kikoponi. Maji ya kawaida ni chaguo la mwisho kwa sababu hupasua chembe, ila hata hayo ni afadhali kuliko tishu kavu mfukoni. Mtoto asiwekewe jino kinywani kulihifadhi, atalimeza.

Hatua ya 4: Majeraha mengine

Kipande kilichovunjika kiweke kwenye maji au maziwa, mara nyingi daktari hukibandika tena. Jino la kudumu lililosogea unaweza kulirudisha kwa kidole taratibu. Lililozama ndani ya fizi usilivute. Mdomo unaovuja damu, kandamiza kwa shashi dakika 10 bila kuchungulia.

Hatua ya 5: Baada ya daktari

Jino lililorudishwa hufungwa kwa waya mwembamba kwa takriban wiki 2. Mzizi uliokomaa huhitaji tiba ya ndani ya jino ndani ya muda huohuo. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Chakula laini, mswaki laini, hakuna mchezo wa kugongana. Kabla ya kurudi uwanjani, kinga ya zamani ijaribiwe upya: jino likisogea hata kidogo, haitakaa sawa, na inabidi kupimwa nyingine.