Mtoto yuko la tatu B, unataka ahamie A: njia ya kufuata shuleni

Kumhamisha mtoto mkondo, yaani kutoka B kwenda A au C ya darasa lilelile, ndani ya shule ileile ni jambo dogo kwenye makaratasi. Jina linafutwa kwenye rejista ya mahudhurio ya mkondo mmoja na kuandikwa kwenye rejista ya mkondo mwingine, basi. Ni uamuzi wa ndani ya shule na hauna malipo. Ugumu uko kwingine: mwalimu mkuu akikukubalia wewe leo, kesho atakuta foleni ya wazazi mlangoni, kila mmoja na lake. Kwa hiyo ombi linalopita ni lile ambalo mwalimu mkuu anaweza kumweleza mzazi mwingine bila kubabaika. Andaa ombi la namna hiyo tangu mwanzo.

Anza na ratiba, si na ofisi

Wazazi wengi huomba mtoto ahamishwe kwa sababu ya mwalimu mmoja, halafu wanakuja kugundua mwalimu huyohuyo anafundisha na mkondo wa pili. Darasa la kwanza na la pili mwalimu mmoja au wawili hushika karibu kila kitu, maana kazi kubwa pale ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Huko kubadili mkondo ni kubadili mwalimu kweli. Kuanzia la tatu kwenda juu walimu hugawana masomo, na mwalimu wa Hisabati anaweza kuwa wa A, B na C zote. Mwambie mtoto anakili ratiba iliyobandikwa darasani, mbele ya kila somo aandike jina la mwalimu. Kisha mwombe mtoto wa jirani aliye mkondo ule mwingine afanye hivyo. Linganisha. Kama tatizo lako ni Hisabati na jina ni lilelile pande zote, kuhama hakutakusaidia. Mwone mwalimu wa somo.

Jambo la pili la kutazama ni zamu. Shule za mjini zilizofurika, iwe Mbeya Jiji au Manispaa ya Iringa, zinaweza kuwa na mikondo inayoingia asubuhi na mingine mchana kwa uhaba wa vyumba. Mtoto wa la pili anayetoka shuleni jioni ya Juni, baridi imeshashuka na giza linaingia mapema, ni hesabu nyingine kabisa nyumbani. Uliza kabla hujaandika barua.

La tatu ni idadi. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa moja, ingawa kila anayeishi Ilomba, Uyole au Kihesa anajua madarasa yanayopita hapo kwa mbali. Kama mkondo unaoutaka una watoto wengi kuliko wa sasa, jibu la kwanza utakalopewa ni "umejaa". Ukijua mzazi wa upande ule anayetaka mtoto wake aje huku, semeni wote wawili kwa mwalimu wa taaluma. Kubadilishana mtoto kwa mtoto hakumwongezei mtu dawati, ndiyo maana hukubalika kwa urahisi. Ila msiwahamishe wenyewe kimyakimya. Watoto wawili walioko kwenye rejista zisizo zao huleta vurugu kwenye alama za mitihani.

Sababu zinazopita na zinazokwama

Afya iko mbele ya zote. Mtoto asiyesikia vizuri kwenye chumba kisicho na dari kule Tukuyu au Rungwe kwa jumla yuko taabuni kweli: mvua ikipiga mabati, hata mwenye masikio mazima haambulii kitu, na mvua ya kule haina haraka ya kuondoka. Mtoto mwenye pumu karibu na dirisha lisilo na kioo mwezi wa sita na wa saba, naye ana hoja. Macho vilevile, japo kwa macho shule itakwambia kwanza asogezwe mbele, na itakuwa sahihi. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu ambaye mkondo wake uko kwenye chumba chenye ngazi haombi fadhila, anaomba mlango anaoweza kuingia.

Usalama ndio sababu ya pili: kuonewa kunakojirudia na mtoto yuleyule, ugomvi wa familia mbili uliofika hadi darasani, mtoto aliye chini ya mzazi wake mwenyewe anayefundisha mkondo huo na mambo yamechanganyika. Mapacha pia, wengine wakihitaji kutenganishwa kwa sababu mmoja anajibu kila swali na mwingine anajificha nyuma yake.

Zinazokwama ni hizi: "rafiki yake yuko kule," "A ndiyo ya wenye akili," "mwalimu hampendi mwanangu." Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kweli, lakini ikisemwa hivyo haina pa kushikwa. Fungua daftari. Tazama tarehe za kazi za mwezi mmoja: ngapi zimesahihishwa, ngapi hazijaguswa na kalamu nyekundu, wapi kuna kurasa za masomo ambazo mtoto hakuandika chochote. Halafu tazama daftari la mwenzake wa dawati moja. Kama la mwenzake nalo halijasahihishwa, tatizo ni wingi wa watoto, na mkondo wa pili utakuta hali ileile. Kama la mwenzake limesahihishwa na la mwanao halijaguswa, sasa una neno la kusema.

Kipigo ni habari tofauti kabisa, usikiingize kwenye barua ya kuhama. Kanuni za viboko zinasema adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Mtoto wa kike hupigwa na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina. Yaliyo nje ya hapo ni malalamiko ya kupelekwa kwa mwalimu mkuu moja kwa moja, na kama mtoto ameumia, mpeleke hospitali kwanza, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure. Kumhamisha mtoto na kunyamaza kunawaacha wenzake wote palepale.

Wakati wa kwenda

Wiki mbili za mwanzo wa Januari ndizo bora, mikondo bado inapangwa na majina bado yanasogezwa. Nafasi ya pili ni mwanzo wa muhula wa pili, Julai. Ukiwa na mtoto wa la saba, baada ya Juni usijisumbue isipokuwa kwa afya au usalama, maana mtihani ni Septemba. La nne nao wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Usajili wa mitihani hiyo ni wa shule, si wa mkondo, kwa hiyo kuhama hakuvurugi namba ya mtahiniwa. Kinachovurugika ni mazoezi na utulivu wa mtoto.

Saa nayo ina maana. Asubuhi wakati watoto wako mstarini mwalimu hana masikio ya kukusikiliza. Nenda mapumziko au baada ya vipindi. Na usimvizie sokoni Mwanjelwa akiwa na kapu la nyanya mkononi. Atakujibu kwa adabu na atasahau yote.

Mazungumzo ya kwanza

Anza na mwalimu wa darasa, hata kama yeye ndiye tatizo. Ukimruka, mwalimu mkuu atamwita yeye kwanza kumuuliza, na hapo utakuwa umeshamkosea. Usifungue kwa kuomba kuhama. Weka hali mezani na umwombe ushauri:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Tumaini. Karibu."

"Asante, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya Tumaini. Hospitali wamesema sikio la kushoto halisikii vizuri. Naona hata kwenye imla anakosa maneno ambayo nyumbani anayaandika sawasawa. Naomba ushauri wako, tufanyeje?"

Mara nyingi mwalimu atajaribu jambo dogo kwanza: kumsogeza dawati la mbele, kumbadilishia kikundi, kumtenganisha na anayemsumbua. Kubali, mpe wiki mbili au tatu. Likifaulu, umemaliza bila barua. Lisipofaulu, umepata sentensi yenye nguvu kuliko zote kwenye barua yako, ile inayosema jambo dogo limeshajaribiwa. Na mara nyingine mwalimu mwenyewe ndiye atakayesema, "Ingekuwa vizuri ahamie A."

Bibi, babu au shangazi anayelea mtoto wa wazazi walioko mbali, Chunya kwenye machimbo au Dar es Salaam kwenye biashara, aje na barua fupi ya mzazi inayomtambulisha kuwa mlezi. Bila hiyo shule inaweza kusita, na ina haki ya kusita.

Barua

Ukurasa mmoja, sababu moja. Ukiandika sababu tano, msomaji atashughulikia ile dhaifu kuliko zote. Mfano:

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ………,
S.L.P. ……, Tukuyu.

Kupitia kwa: Mwalimu wa Darasa la Tatu B.

YAH: OMBI LA KUMHAMISHA MWANAFUNZI (JINA KAMILI) KUTOKA DARASA LA TATU B KWENDA LA TATU A

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Mwanangu alipimwa hospitali tarehe …… na kuonekana hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Nakala ya cheti cha daktari imeambatanishwa.

Chumba cha la tatu B hakina dari, na mvua ikinyesha hamsikii mwalimu. Mwalimu wa darasa alimsogeza dawati la mbele tangu tarehe ……, tunamshukuru, lakini siku za mvua hali haijabadilika. Chumba cha la tatu A kina dari.

Naomba ahamishiwe la tatu A kuanzia muhula wa pili. Niko tayari kufika shuleni siku yoyote nitakayoitwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(Jina, sahihi, namba ya simu)

Hakuna mwalimu aliyelaumiwa hapo, na mwalimu wa darasa ameshukuriwa kwa jambo alilofanya kweli. Barua ikipitia mikononi mwake ataisoma, na akiandika pembeni "naunga mkono" umeshafika nusu ya safari. Toa nakala mbili. Moja ibaki shuleni, ya pili ipigwe mhuri na tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani.

Akitokea mtu akataka "kitu kidogo" ili jina lisogezwe, jua hakuna malipo ya namna hiyo. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, bure.

Wakikaa kimya, au wakikataa

Subiri wiki mbili, kisha nenda na nakala yako umuulize mwalimu mkuu limefikia wapi. Akikataa, omba akueleze sababu, na umsikilize: "mkondo umejaa" huenda ikaisha Julai watoto wengine wakihama shule. Hatua inayofuata ni kamati ya shule. Mwalimu mkuu ndiye katibu wake, kwa hiyo zungumza na mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ni mzazi kama wewe. Baada ya hapo ni Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu wa halmashauri upande wa msingi. Kwa ombi la kawaida, kufika halmashauri ni kupoteza nauli. Kwa afya au usalama uliopuuzwa, nenda.

Sekondari ngazi ni mkuu wa shule, bodi ya shule, kisha Afisa Elimu Sekondari. Tofauti kubwa ni kidato cha tatu, ambapo mikondo inaweza kupangwa kwa masomo: sayansi huku, biashara au sanaa kule. Kuhama mkondo hapo ni kuhama Fizikia na Kemia, na kurudi nyuma baadaye ni shida. Usiombe kabla mtoto mwenyewe hajakaa na mwalimu wa taaluma. Shule binafsi hazina mlolongo huu, lakini usianze kwa kutishia kumtoa mtoto. Vitisho vya ada wameshavizoea.

Akikubaliwa

Usimtangazie mtoto kabla hujapata jibu, na usimseme mwalimu wake wa zamani mbele yake. Yatafika darasani kabla ya kengele. Mweleze pia kwamba nafasi yake kwenye matokeo itabadilika. Aliyekuwa akishika nafasi ya tatu kule B anaweza kuwa wa kumi na moja huku A bila kushuka hata alama moja, na hilo huwaliza watoto, na wazazi pia.

Wiki ya kwanza atakuta mada zimepishana. Aazime madaftari ya mwenzake, anakili kidogo kidogo, aanze na Hisabati kwa sababu mada zake hupandiana. Dawati ulilochangia ni la shule, halimfuati mtoto. Kinachopaswa kumfuata ni jina lake kwenye orodha ya mchango wa uji au makande, maana orodha hizo nyingi hushikwa na mwalimu wa darasa, na mtoto asiyekuwemo anaweza kukosa bakuli siku nzima kwa kosa la karatasi.

Baada ya wiki mbili, ulizia rejista zote mbili. Jina lisipofutwa kule la tatu B, kila asubuhi ataandikwa hayupo, na mtendaji wa kata anaweza kukuita ujibu utoro wa mtoto ambaye hajakosa shule hata siku moja.