Namna ya kumfunga mtoto njiti kifuani

Mama mwenye njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akiingia wodini kwetu hapa Mwanza, kwanza namwomba khanga mbili. Wengi hushangaa, maana wamekuja wakifikiria mashine ya joto.

Njia hii ya kumbeba mtoto kifuani, iitwayo ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mashine hazikutosha na watoto walikuwa wakiambukizana, ndipo daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka kwenye vifua vya mama zao.

Hatua ya 1. Vua blauzi, sidiria na cheni. Mtoto abaki na nepi kavu, kofia na soksi tu.

Hatua ya 2. Mweke wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura. Geuza kichwa upande mmoja, kidevu kiinuke kidogo. Kikiinama, njia ya hewa inaziba. Hapa nawaomba msiwe na haraka.

Hatua ya 3. Funga khanga. Ukingo wa juu uishie chini kidogo ya sikio la mtoto, wa chini ubebe makalio. Pakaze kwenye kifua chake, tumboni pawe na nafasi, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa tumbo. Kisha simama taratibu ukiwa umemshikilia. Akiteleza, fungua ufunge upya. Khanga ya pili jifunike mabegani.

Hatua ya 4. Ongeza saa. Wengi hukosea hapa: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, basi. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku, kuanzia mara tu anapozaliwa. Utafiti uliotoka mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nijeria na hapa Tanzania, ulihusu watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Walioanza mara moja, bila kusubiri hali itulie, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo hivi kuliko wa waliosubiri. Hao walioanza mara moja walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku.

Saa hizo mama hawezi peke yake. Baba apokee, bibi apokee. Baba mmoja mvuvi wa dagaa alitoka ziwani, akaoga, akakaa kitandani amekakamaa kama ubao akihofia kumponda mwanawe. Baada ya dakika kumi hivi mtoto alilala, na mabega ya baba yakashuka. Alikuwa akirudi kila asubuhi.

Usiku lala umeegemea mito, usilale chali kabisa. Mnyonyeshe au mpe maziwa yako uliyokamua kwa kikombe, kama muuguzi alivyokuelekeza.

Ukiwa nyumbani, akiacha kupumua, midomo ikawa bluu, akakataa kunyonya, akawa wa njano, akapata degedege au akabaki wa baridi hata akiwa kifuani, njoo hospitali saa hiyo hiyo. Kama mnatoka Ukerewe, asitoke kifuani hata ndani ya kivuko. Mkinge upepo wa ziwa kwa kitenge, uso wake ubaki wazi uuone.