Kibarua miaka minne na huna karatasi hata moja? Anzia hapa

Kabla hujaenda kupiga kelele kwa geti, nunua daftari. Lile dogo la kiosk linatosha. Andika tarehe, saa umeingia, saa umetoka, supavaiza alikuwa nani, pesa umepewa ngapi na ulikuwa shifti na nani. Kila siku, hata ile siku umechoka mpaka unalala na viatu.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikuandika. Nilikaa godauni moja Industrial Area, Nairobi, miaka minne nikipakia katoni, na siku walitufungia geti tulienda ofisi ya leba, ile ya serikali ya malalamiko ya wafanyakazi, watu kumi na mmoja na midomo yetu tu. Afisa anauliza ulianza lini, mmoja anasema ilikuwa karibu na Krismasi, mwingine ati ni wakati barabara ilikuwa inachimbwa. Mama mmoja wa upande wa kupaki akatoa daftari kwa kiondo, limejikunja, liko na doa la chai kwa kava, akamfungulia afisa ukurasa wa kwanza. Afisa akaweka kalamu chini akaanza kusoma. Sisi wengine tukaambiwa tungoje hapo kwa benchi.

Kama unalipwa na M-Pesa usifute hata meseji moja. Kama ni keshi mkononi, piga picha ya chochote chenye tarehe au jina la kampuni: kadi ya geti, ovaroli, ile karatasi ya kusaini asubuhi, na kama shifti zinapangwa kwa grupu ya WhatsApp basi skrinshoti uzitume kwa simu ya mtu mwingine, maana siku ya kukutoa kazini kitu cha kwanza wanafanya ni kukutoa kwa grupu.

Sasa ile uongo ya "wewe ni kibarua, hauna haki". Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema ukifanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi, ama kazi yenyewe ni ya aina haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, basi unahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi, hata wakiendelea kukuita kibarua mpaka uzeeke. Maana yake uko na notisi, siku moja ya kupumzika katika saba, likizo ya siku 21 ukimaliza mwaka, na ukigonjeka baada ya miezi miwili kazini unapata siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Mama akijifungua ni miezi mitatu na mshahara wote, baba wiki mbili. Mkataba haukuandikwa? Hilo ni kosa la mwajiri si lako, kazi ya kukuandikia ni yake, na kesi ikifika kortini akose kuutoa, ni yeye anabeba mzigo wa kupinga yale unasema. Lakini ule mfululizo utaulizwa wewe, na hapo ndipo daftari inakuokoa. Haswa hizi kampuni zenye ujanja wa kukupumzisha wiki moja kila baada ya miezi mitatu halafu unaitwa tena na jembe ni lile lile.

Tupige hesabu kidogo. Kwa kiwango kilichoanza Novemba 2024, kima cha chini Nairobi kwa mfanyakazi wa kawaida, na hapo kuna mpaka dada wa nyumba, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila nyumba. Marupurupu ya nyumba ni asilimia 15, hiyo ni kama 2,417. Jumla 18,530. Mtu wa 500 kwa siku akifanya siku 26 anapata 13,000. Anaibiwa zaidi ya 5,500 kila mwezi na bado anamshukuru mdosi kwa kumpa kazi. Kama unadai ya miaka ya nyuma tumia kiwango cha wakati huo, kabla ya hapo, tangu Mei 2022, ilikuwa 15,201.65. Ovataimu ya siku ya kawaida ni mara moja na nusu, Jumapili yako na sikukuu ni mara mbili.

Halafu angalia NSSF, ile akiba ya uzeeni. Wanakukata asilimia 6 na wao wanafaa kuongeza 6 yao, lakini kukatwa si kupelekwa! Nenda NSSF na kitambulisho uitishe taarifa ya akaunti yako. SHA, bima ya afya ya serikali, pia uangalie kwa *147#. Kama hawakuwahi kukuandikisha NSSF, unaweza kudai malipo ya utumishi, yaani pesa ya miaka umewafanyia kazi, kawaida huhesabiwa siku 15 kwa kila mwaka umemaliza. Ukiwa mwanachama wa NSSF hiyo ya utumishi hupati, kwa hivyo usiiweke kwa madai yako wakili wao akacheka.

Siku ya kufukuzwa yenyewe, na hapa ndipo wengi tunaangukia. Hakuna mtu anakupea barua. Unafika asubuhi mlinzi anakuambia "jina lako halipo, mtapigiwa simu". Unarudi mtaani Mukuru unangoja simu, wiki, mwezi, na ukija kushtaki wanasema ulitoroka kazi. Sasa fanya hivi: ukiwa bado hapo nje ya geti tuma meseji kwa supavaiza, na lugha ya adabu kabisa, kitu kama "Habari ya asubuhi bosi, nimefika kazini leo tarehe fulani saa moja kasoro, mlinzi amesema jina langu halipo. Naomba kujua kama nimesimamishwa na kwa nini. Niko tayari kufanya kazi." Kesho rudi, tuma tena. Akikosa kujibu ni sawa tu, yako imeenda. Usitukane. Meseji ya matusi ndiyo ile wataprinti wapeleke mbele.

Na wakikuita ofisini ghafla na tabasamu na bahasha, soma kwanza. Kuna karatasi inasema umelipwa kila kitu na hudai chochote tena. Korti imewahi kukataa kesi za watu kwa sababu ya hiyo saini zaidi ya mara moja. Kuna nyingine ya kujiuzulu wamekuandikia wao. Sema unaenda kusoma nyumbani, wakikataa usiweke saini, na njaa najua iko.

Leba ni bure. Malalamiko ya kufukuzwa yapeleke ndani ya miezi mitatu, usingoje. Beba nakala ya kitambulisho, daftari, na hesabu yako imeandikwa kwa karatasi moja safi. Afisa ataandikia mwajiri barua aje muongee, na saa zingine barua unapewa wewe uipeleke, hakikisha wamegonga muhuri kwa nakala yako. Wakikataa kuja ama wakitaka kukulipa kapesa kadogo tu, kuna korti ya ajira pale Milimani, na kama mshahara wako hauzidi 80,000 kesi husikizwa na hakimu. Muda wa kwenda kortini ni miaka mitatu. Korti ikiona ulifukuzwa vibaya inaweza kukupa mpaka mshahara wa miezi 12, mpaka, si lazima zote. Kituo Cha Sheria husaidia wasio na pesa ya wakili, FIDA, chama cha mawakili wanawake, pia kwa akina mama.

Uliumia kazini? Hiyo ni sheria nyingine, WIBA, ya fidia ya walioumia kazini. Ripoti siku hiyo hiyo na ubaki na karatasi za hospitali.

Kama bado mko ndani, chama cha wafanyakazi ni bora kuliko haya yote. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili wakijiunga, mwajiri lazima akitambue. Dada wa nyumba na watu wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA. Jazeni zile fomu kimya kimya, nje ya kazi, si kwa kibanda cha chapo madondo ambapo supavaiza pia anakula.

Kitu ingine watu husahau ni cheti cha kazi, kifungu cha 51. Hata mkiachana vibaya. Hawalazimiki kukusifu, ila waandike ulianza lini, ukaacha lini, na ulifanya kazi gani. Mimi changu nilikipata baada ya barua mbili, nikafungua, wameandika miezi mitatu. Ikabidi nimtafute yule mama anipigie picha zile kurasa zenye jina langu.