Jinsi ya kukadiria umri wa mbuzi kwa meno ya mbele

Muuzaji akisema mbuzi bado mdogo, usibishane naye. Mfunue mdomo. Meno ya mbele yanaaminika kuliko ukubwa wa mwili, maana mbuzi aliyedumaa kwa njaa au minyoo huonekana mtoto hata akiwa mpevu.

1. Mshike. Mbane ukutani kwa paja, shika taya kwa chini, kisha shusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. Huhitaji kumpanua kinywa. Usipeleke kidole nyuma kwenye magego; atakiponda.

2. Futa kwa kitambaa. Mabaki ya majani huficha mstari wa ufizi. Juu usitafute kitu: mbuzi, kondoo na ng'ombe hawana meno ya mbele ya juu, wana ufizi mgumu tu.

3. Hesabu meno mapana. Chini yapo manane. Ya utotoni ni membamba na mafupi, ya kudumu ni mapana waziwazi. Hubadilika kwa jozi, kuanzia katikati kwenda pembeni:

- hakuna pana: takriban mwaka 1 kushuka chini
- mawili: mwaka 1 hadi 1½
- manne: karibu miaka 2
- sita: miaka 2½ hadi 3
- manane: miaka 3½ hadi 4

Wengi hukwama wakikuta mapana matatu. Jino moja la jozi limemtangulia mwenzake, basi. Huyo anaelekea manne. Chungulia ufizini upande wa pili: mara nyingi utaona ncha ya jino jipya ikichomoza, na lile la utotoni likilegea.

Kwa ng'ombe mpangilio ni huohuo, ila jozi ya kwanza hutoka karibu na miaka 2.

4. Yakitimia manane, soma uchakavu. Meno huachana, huonekana marefu kwa kuwa ufizi umerudi nyuma, kisha huvunjika au kung'oka. Malisho yenye mchanga huyala haraka, kwa hiyo hapa mimi sitaji mwaka kabisa. Ninachotaka kujua ni kama bado anakata majani vizuri. Jike kibogoyo mwenye mimba atakonda malishoni hata nyasi zikijaa, na anastahili kukatiwakatiwa chakula.

5. Mfunge mdomo, mtazame kwa ubavuni. Meno ya chini yakutane na ule ufizi wa juu. Yakichomoza mbele au kubaki nyuma, kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa; usimchague kuwa beberu wa mbegu, hata awe na mwili mzuri namna gani.